Oda Haijafika, Ankara Zimetoka Mbili: Kutambua Kiungo Kinachoumwa Kwenye Mchakato Unaojiendesha

Malalamiko kuhusu mifumo iliyounganishwa huwa mafupi. "Oda haijaonekana stoo." "Mteja ametumiwa ankara mbili." "Jana ilikuwa inafanya kazi." Anayelalamika anaona matokeo tu, kianzishi, kiunganishi na foleni iliyo nyuma yake havioni. Fundi naye akiyapokea maneno hayo jinsi yalivyo na kukimbilia msimbo (maandishi ya programu), anaweza kupoteza siku nzima. Niliwahi kukaa na timu iliyofukua msimbo tangu asubuhi hadi jioni ikitafuta kwa nini maombi ya manunuzi hayamfikii mhasibu. Sababu ilikuwa mtu mmoja aliyekwenda likizo. Yeye ndiye aliyekuwa akibonyeza kitufe cha kuidhinisha, na hakuna mchoro wala hati iliyomtaja kuwa sehemu ya mchakato.

Kwa hiyo tutaanza na viungo, kisha dalili. Ukiweza kutaja kila kiungo kwa jina lake na kusema ni cha nani, mengi yaliyo hapa chini utayatatua bila kugusa msimbo hata mstari mmoja.

Viungo vyenyewe

Tuchukue mchakato mmoja tutakaokwenda nao hadi mwisho: mteja anaweka oda kwenye duka la mtandaoni, mfumo wa stoo unapunguza idadi ya bidhaa, mfumo wa uhasibu unatoa ankara, mteja anapokea ujumbe. Mtazamaji anahesabu hatua nne. Anayeunganisha anakuta mengi zaidi.

Kuna kianzishi, yaani tukio linaloamsha kazi yote. Huja kwa sura tatu: mfumo unasukuma taarifa wenyewe mara tu jambo linapotokea (mafundi huiita webhuku), au upande wa pili unakwenda kuuliza kila baada ya muda "kuna jipya?", au saa inafika na ratiba inaamsha kazi. Ukikosea kujua ni sura ipi, utatafuta tatizo mahali lisipokuwepo.

Kuna viunganishi, ambavyo ndivyo milango ya kuingilia kila mfumo, mara nyingi API (njia ambayo programu moja huongea na nyingine). Kila mlango una ufunguo wake: tokeni (mfuatano wa siri wa herufi unaotambulisha programu), nywila au cheti. Kuna data inayosafiri, pamoja na ulinganishaji wa nyuga. Uga ni kile kisanduku kimoja cha taarifa, kama "jina la mteja" au "kiasi", na ulinganishaji unaeleza kwamba kisanduku hiki cha duka kinaingia kwenye kisanduku kile cha uhasibu. Kuna kanuni za uamuzi: oda ikizidi kiasi fulani isubiri idhini, bidhaa ikiisha mteja aarifiwe. Kuna watu wanaoidhinisha, wanaosahihisha, wanaopakia faili kwa mkono. Kuna foleni ambamo kazi husubiri zamu. Kuna njia ya makosa, yaani kinachotokea mambo yakienda mrama. Kuna kumbukumbu za matukio. Na kuna mmiliki, mtu mwenye mamlaka ya kusema mchakato huu uzimwe au uendelee.

Vichore. Ukitaka lugha rasmi ya michoro ipo BPMN 2.0, iliyotolewa na shirika la viwango la OMG mwaka 2011: duara ni tukio, mstatili wenye pembe za mviringo ni kazi, almasi ni njiapanda ya uamuzi. Lakini karatasi na penseli zinatosha, mradi kwenye kila mshale unaovuka kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine uandike mambo manne: nani anaanza kuongea, kwa ufunguo wa nani, anabeba nini, na asipojibiwa afanye nini. Swali hilo la nne ndilo watu wengi huliacha wazi, na dalili nyingi zinazofuata zimezaliwa hapo.

Dalili ya 1: Hakuna kinachotokea

Oda imewekwa, duka linaionyesha, lakini stoo haina habari.

Sababu inayoongoza ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani: mchakato umezimwa. Mtu aliuzima wakati wa matengenezo akasahau kuuwasha, au jukwaa linaloendesha mchakato liliuzima lenyewe baada ya makosa kujirudia mara nyingi. Angalia swichi kabla ya kitu kingine chochote.

Inayofuata: tukio lililotokea silo ambalo kianzishi kinalisikiliza. Kianzishi kimeambiwa kiamke "oda mpya inapowekwa", lakini oda hii iliingizwa kwa faili au ilinakiliwa kutoka oda ya zamani. Au kimeambiwa kisubiri hali ya "imelipwa", na oda imebaki kwenye "inasubiri malipo". Weka oda moja ya jaribio kwa njia ileile aliyoitumia mteja, utazame.

Kama taarifa husukumwa kwa webhuku, fungua historia ya utumaji kwenye mfumo unaotuma. Ukurasa huo mmoja unagawa tatizo mara tatu. Usipokuta jaribio lolote la kutuma, kianzishi chenyewe hakikuamka. Ukikuta jaribio lililojibiwa kwa namba 404, yaani "hakijapatikana", anwani ya kupokelea imebadilika au imeandikwa vibaya. Ukikuta 200, yaani "sawa", mtumaji amemaliza kazi yake salama na kosa liko ndani, upande wa mpokeaji. Usiendelee kumlaumu mtumaji.

Kama mchakato huenda kuuliza wenyewe kwa ratiba, kagua saa. Seva nyingi zinafuata UTC, saa ya pamoja ya dunia, hivyo kazi iliyopangiwa 08:00 inaweza kuwa inaamka kwa saa ya UTC na si ya ofisini kwako. Hapa sisi tunaoongea Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe. Anayeandika kwenye hati ya maelezo "iamke saa mbili" ana maana ya asubuhi, lakini mtengenezaji aliyezoea saa za kompyuta anaweza kuweka 02:00. Kwenye hati za kuunganisha mifumo andika saa kwa tarakimu nne na utaje eneo lake la saa. Daima.

Sababu ya nadra, na ngumu kuigundua: anayeuliza anakumbuka "mara ya mwisho niliishia hapa", na rekodi mbili zilizoandikwa katika sekunde moja zinamchanganya, moja inachukuliwa, nyingine inarukwa. Ukiona oda zinazopotea ni chache, bila mpangilio, na zaidi wakati wa msongamano, shuku hilo. Tiba ni kurudi nyuma kidogo kila unapouliza na kutupa zilizokwisha kuchukuliwa kwa kutazama namba zake.

Dalili ya 2: Jambo moja limetendeka mara mbili

Hii inaumiza kuliko ya kwanza, kwa sababu oda isiyofika mtu huiulizia, lakini malipo yaliyokatwa mara mbili mteja ndiye hugundua.

Anza na la kawaida: mtumaji alirudia. Alituma, mpokeaji akapokea na kufanya kazi yote, lakini akachelewa kujibu. Mtumaji akadhani ujumbe umepotea, akatuma tena. Hilo haliwi kosa la mtumaji. Huduma nyingi za webhuku zinaahidi kwamba ujumbe utafika angalau mara moja. Haziahidi kwamba utafika mara moja tu. Fungua kumbukumbu uone kama ujumbe wote wawili una namba moja ya tukio. Ikiwa ni moja, umepata jibu.

La pili ni michakato miwili hai kwa pamoja. Mtu alitengeneza toleo jipya, la zamani likabaki linanguruma kwenye kona, pengine kwenye akaunti ya mtu mwingine. Orodhesha kila kinachosikiliza tukio hilo. Usiulize "tuna mchakato upi?", uliza "nani wote wanaamka oda ikiwekwa?" Majibu ya maswali haya mawili hutofautiana mara nyingi kuliko inavyofaa.

La tatu ni mzunguko. Duka linasasisha uhasibu, uhasibu ukisasishwa unaliarifu duka, duka nalo linaona mabadiliko na kuuarifu uhasibu. Alama yake ni kwamba nakala hazikomi mbili; zinaendelea kuzaliwa. Zima upande mmoja mara moja, kisha weka uga unaoonyesha nani alifanya badiliko la mwisho, ili mfumo upuuze mwangwi wa sauti yake wenyewe.

Tiba ya kudumu kwa sababu ya kwanza ni kumfanya mpokeaji avumilie kurudiwa. Kila ombi libebe namba ya kipekee inayotokana na tukio, kwa mfano namba ya oda na aina ya kitendo. Mpokeaji anaiandika; ikija tena anajibu "tayari" na hafanyi kitu. Na ajibu upesi: apokee, aweke foleni, ajibu, ndipo afanye kazi ndefu. Usitumie saa kuwa namba ya kipekee, maana jaribio la pili litakuja na saa nyingine na ulinzi wote utakuwa bure.

*Simama hapa:* kama kilichorudiwa ni malipo, mshahara, au ankara iliyokwisha kuingia kwenye hesabu zilizofungwa, usifute chochote kwa mkono. Simamisha mchakato, hifadhi kumbukumbu, mwite mhasibu pamoja na fundi. Ankara iliyotolewa husahihishwa kwa hati ya marekebisho. Kuifuta kwenye hifadhidata kunaacha pengo ambalo mkaguzi ataliuliza.

Dalili ya 3: Data inafika imepinda

Mchakato umekimbia hadi mwisho, kila mahali kijani, na bado kilichofika sicho kilichotumwa. Kati ya dalili zote, hii ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa kuwa hakuna kengele inayolia.

Tarehe ndizo za kwanza kukaguliwa. 03/04/2025 ni tarehe 3 Aprili kwa mfumo mmoja na Machi 4 kwa mwingine. Kosa hujificha katika siku 12 za mwanzo za mwezi na kujifichua tarehe 13, pale mfumo unapokutana na mwezi wa kumi na tatu na kukataa. Kwa hiyo mtu akikuambia "kosa limeanza tarehe 13", usitafute kilichobadilika siku hiyo, hakuna kilichobadilika. Data ya siku zilizotangulia ndiyo iliyoharibika kimyakimya na inahitaji kurudiwa. Tuma tarehe kwa mpangilio wa kimataifa wa ISO 8601, mwaka kwanza: 2025-04-03.

Pamoja na tarehe yupo ndugu yake, eneo la saa. Oda iliyowekwa tarehe 1 Februari saa 7 usiku katika eneo lililo saa 3 mbele ya UTC, kwa UTC ni 22:00 ya tarehe 31 Januari. Ripoti ya mwezi ikikatwa kwa UTC, oda hiyo imehamia mwezi mwingine. Tofauti ndogo za mwisho wa mwezi ambazo hakuna anayezielewa mara nyingi ni hizo.

Kisha namba ambazo si namba. Namba ya simu, ya kitambulisho, ya bidhaa: hizi ni maandishi yaliyovaa tarakimu. Zikipita kwenye lahajedwali kama Excel, sifuri ya mbele inakatwa, na 0712 inakuwa 712. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Ya 16 na kuendelea hugeuzwa sifuri, kwa hiyo namba ndefu ya akaunti inafika ikiwa na mkia wa uongo. Kagua kama kuna mtu njiani anayefungua faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi) "kulitazama tu" kisha akalihifadhi. Mtu huyo naye ni kiungo cha mchakato, hata kama hakuna aliyempanga. Uga wa aina hiyo uandikwe kuwa ni maandishi pande zote mbili.

Fedha zina ugonjwa wake. Kompyuta ikihesabu desimali kwa njia yake ya kawaida, 0.1 ukijumlisha na 0.2 haipati 0.3 kamili. Senti moja kwenye oda moja si kitu. Kwenye ulinganishaji wa mwezi mzima inamkosesha mhasibu usingizi. Tuma kiasi kama senti nzima zisizo na desimali, au tumia aina ya desimali kamili inayotolewa na lugha ya programu. Na kila kiasi kiende na sarafu yake. Uga wa kiasi usio na sarafu ni bomu.

Kagua pia alama za desimali. "1.250" ni elfu moja mia mbili na hamsini katika mipangilio fulani ya kompyuta, na moja na robo katika mingine.

Herufi zilizogeuka alama za ajabu, hasa kwenye majina yenye herufi zenye alama kama é, zinaeleza kwamba upande mmoja unaandika kwa UTF-8 (mpangilio wa kisasa wa kuhifadhi herufi) na mwingine unasoma kwa mpangilio wa zamani. Marekebisho ni mepesi kwa data mpya. Iliyokwisha kuhifadhiwa imeharibika itafute kwenye chanzo, usijaribu kuibahatisha.

Mwisho, utupu. Uga usiokuwepo, uga uliopo bila kitu ndani, na uga wenye sifuri ni mambo matatu tofauti. Mfumo wa stoo ukipokea utupu ukausoma kama sifuri, bidhaa 400 zilizoko rafuni zinaonekana zimeisha na duka linaacha kuziuza. Amua mapema, uga kwa uga: utupu una maana ya "acha kilichopo" au "futa"?

Ukaguzi unaofaa kwa yote haya ni mmoja. Chukua rekodi moja iliyoharibika, si mia. Ichapishe jinsi ilivyotoka, jinsi ilivyopita katikati, na jinsi ilivyofika. Weka matoleo hayo matatu bega kwa bega. Mahali yanapoachana ndipo penye kiungo unachokitafuta.

Dalili ya 4: Imeanza, imeishia njiani

Stoo imepunguza bidhaa, ankara haikutoka.

Kwanza tafuta mtu. Kuna idhini inayosubiriwa? Imetumwa kwenye barua pepe ya nani, naye yupo? Hatua ya mwanadamu inahitaji naibu na ukomo wa muda, kama hatua nyingine yoyote.

Pili, tafuta njiapanda isiyo na mlango wa tatu. Kanuni inasema mteja wa rejareja apite huku, wa jumla apite kule. Akaja wa aina mpya, "wakala", na hakuna aliyeandika apite wapi. Mchakato haukuanguka, umesimama, na pengine jukwaa linauita "umekamilika". Kila njiapanda iwe na njia ya "vinginevyo", nayo iende kwa mtu, isiishie ukutani.

Tatu, kosa lililomezwa. Aliyeandika msimbo aliweka sehemu inayodaka kosa na kuendelea bila kusema. Utalijua hili kwa kuona kumbukumbu zinaruka kutoka hatua ya 2 hadi ya 4. Hapa kuna funzo dogo kuhusu namba za majibu: 202 ina maana "nimepokea, nitafanya", haina maana "nimefanya". Mchakato unaochukulia 202 kuwa ushindi hautajua kamwe kama ankara ilitoka. Na ziko API zinazojibu 200 huku ndani ya jibu zimeandika kosa, hivyo soma mwili wa jibu, si namba peke yake.

Nne, ujumbe mmoja mbovu umeziba foleni, na walio nyuma wote wanasubiri. Utaona foleni inakua wakati kazi inayofanyika ni ileile ikijirudia na kuanguka. Utoe pembeni kwenye foleni ya waliokwama ili wengine wapite, kisha umchunguze mgonjwa peke yake. Mchakato wowote wenye foleni unahitaji chumba hicho cha pembeni, na mtu wa kukifungua kila siku. Foleni ya waliokwama isiyotazamwa ni kaburi la oda.

Ukipata sababu, usianzishe mchakato upya kutoka mwanzo bila kufikiri. Hatua ya 1 na ya 2 zilikwisha kufanyika; ukirudia, stoo itapunguzwa mara mbili na utakuwa umejihamisha kutoka dalili ya 4 kwenda dalili ya 2. Endelea kutoka hatua iliyoanguka. Jukwaa lisiporuhusu, tengua zilizotangulia kwa kitendo cha kinyume, yaani rudisha bidhaa stoo, ndipo uanze.

*Simama hapa:* ukijikuta unafungua hifadhidata ya mfumo halisi ili ubadilishe hali ya oda kwa mkono, acha. Mifumo mingi hubadilisha jedwali zaidi ya moja kwa tendo moja, nawe utabadilisha moja. Mwachie anayeujua mfumo huo kwa ndani, tena baada ya kuchukua nakala ya akiba.

Dalili ya 5: Jana ilikubali, leo inakataa

Soma namba ya jibu. 401 inauliza "wewe ni nani?", yaani ufunguo haupo, umekosewa au umeisha muda. 403 inasema "nakujua, lakini hapa huruhusiwi". Watu huzichanganya na kutengeneza tokeni mpya kwa tatizo la ruhusa, kisha wanashangaa kwamba hakuna kilichobadilika.

Kwa 401, sababu ya kawaida ni tokeni iliyoisha. Katika OAuth 2.0, utaratibu wa kuipa programu ruhusa ya kuingia kwenye mfumo, uliosanifishwa mwaka 2012, tokeni ya kuingilia ina maisha mafupi na huwa inafuatana na nyingine ya kuihuisha. Mchakato usiojua kutumia hiyo ya pili utafanya kazi muda mfupi tu kisha ufe. Ukiona kifo kinachokuja baada ya muda uleule kila unapowasha, ni hilo.

Kwa zote mbili, uliza swali ambalo halimo kwenye msimbo: nani ameondoka kazini? Mchakato uliounganishwa kwa akaunti binafsi ya mfanyakazi hufa siku akaunti yake inapofungwa, au anapobadilisha nywila. Fungua akaunti ya huduma isiyo ya mtu, uipe ruhusa zinazohitajika tu, uiandike kwenye mchoro.

Kagua cheti cha TLS cha seva, yaani kile kinachothibitisha seva ni yenyewe na kuwezesha mawasiliano yaliyofichwa. Vyeti vya mtoaji anayeitwa Let's Encrypt, kwa mfano, vimekuwa vikidumu siku 90, na kazi ya kuvihuisha nayo ni mchakato unaojiendesha ambao unaweza kufa bila mtu kujua. Halafu kagua kama mwenye API amestaafisha toleo unalolitumia; barua ya kuonya huenda ilifika kwenye anwani isiyosomwa na mtu.

*Simama hapa:* ukigundua ufunguo umewekwa hadharani, iwe kwenye msimbo ulioshirikiwa au kwenye picha ya skrini, uhesabu umeibwa. Ubatilishe kwanza na utoe mpya, hata kama mchakato utasimama kwa muda, kisha mwarifu anayehusika na usalama wa taarifa. Kuufuta tu kwenye faili hakutoshi, maana historia ya msimbo inaukumbuka.

Dalili ya 6: Rekodi zinazofika ni pungufu, au mambo huharibika siku za msongamano

Hesabu rekodi zilizofika. Zikiwa 50, 100 au 200 kamili, umekwisha kupata jibu: API inatoa data kwa kurasa, na mchakato wako unasoma ukurasa wa kwanza tu. Kwenye majaribio hakukuwa na rekodi za kutosha kulifichua hilo.

Ukiona 429, umevuka kiwango cha maombi kinachoruhusiwa. Jibu hilo mara nyingi huja na kichwa (mstari wa maelezo unaotangulia jibu) cha Retry-After kinachosema usubiri muda gani, ukitii. Lisipokuja na kitu, subiri kwa kuongeza muda maradufu kila jaribio, uchanganye na kiasi kidogo cha bahati nasibu ili michakato kumi iliyoanguka pamoja isiamke pamoja na kuangushana tena. Kurudia papo hapo bila kupumzika ni kumwaga petroli motoni. Na usirudie kila kitu: 503, yaani "kwa sasa siwezi kuhudumia", inastahili kurudiwa, lakini 400 inasema ombi lenyewe ni bovu, na litabaki bovu hata likitumwa mara elfu.

Dalili ya 7: Mifumo miwili inasema mambo mawili

Stoo inasema 37, duka linasema 41. Swali la kwanza halihusu teknolojia: kwa uga huu, nani ndiye mfumo mama, yaani ule ambao neno lake ndilo la mwisho? Swali hilo huulizwa kwa uga mmoja mmoja, si kwa mfumo mzima. Idadi ya bidhaa inaweza kuwa ya stoo, bei ikawa ya uhasibu, maelezo ya bidhaa yakawa ya duka. Pasipokuwa na jibu lililoandikwa na kukubaliwa na wenye kazi, fundi hawezi kulitengeneza. Atakachofanya ni kuchagua upande kwa niaba yao, na mwezi ujao tofauti itarudi.

Jibu likipatikana, angalia muda wa picha zote mbili. Kama usawazishaji hufanyika kila dakika 15, tofauti ya muda mfupi ni ya kawaida na haihitaji tiba. Tofauti inayobaki usiku kucha ndiyo ya kufuatwa, nayo karibu kila mara utaikuta kwa mtu anayesahihisha kwa mkono kwenye mfumo ambao si mama, au kwa ujumbe wa kufuta na kurejesha bidhaa ambao hakuna aliyekumbuka kuuunganisha. Watu huunganisha "imewekwa" na kusahau "imeghairiwa".

Ukilazimika kumwita fundi

Mbali na yale maonyo ya juu, mwite bila kusita pale taarifa binafsi za wateja zimefika kwa asiyehusika, pale mchakato umefuta rekodi, na pale umebadilisha mambo mawili bila kujua lipi limeleta nafuu. Kuanzia hapo kila jaribio jipya linafuta nyayo.

Mpelekee rekodi moja iliyoharibika na namba yake katika kila mfumo. Muda kamili wa tukio pamoja na eneo la saa. Ulichotarajia na kilichotokea, kwa sentensi mbili tofauti. Orodha ya kila kilichobadilishwa wiki hiyo, hata kile unachodhani hakihusiki. Na ule mchoro, hata kama una mishale usiyokuwa na uhakika nayo. Mishale hiyo ya mashaka iwekee alama ya kuuliza, maana ndiyo atakayoitazama kwanza. Nywila na tokeni zifiche kabla hujatuma picha yoyote ya skrini.